Magugu Ndani ya Seng'enge

Kazi ya kuhesabu majani niliipata kwa sababu ya ngege mmoja niliyemnyang'anya mteja.

Nilikuwa nauza samaki Mwigobero, pale mwaloni Musoma, miaka ile Mwingereza bado yupo na vita kubwa imekwisha si zamani. Asubuhi moja akaja Bwana Shamba, mtu mrefu wa soksi za magotini, kaptula imepigwa pasi mpaka ule mkunjo ungeweza kukata sabuni. Alitaka ngege kumi. Tulivutana bei mpaka wachuuzi wa jirani wakaacha biashara zao watusikilize. Tulipokubaliana nikawatunga samaki kwenye kamba, nikampa. Kabla hajageuka nikamwambia, "Hebu kwanza, Bwana." Nikawahesabu tena, maana hesabu ya kwanza mimi huipa heshima tu, siiamini. Walikuwa kumi na mmoja. Nikamchomoa mmoja, nikamrudisha tengani.

"Ungeniachia tu," akasema. "Mimi nisingejua."

"Mimi ningejua."

"Na kama wangekuwa tisa?"

"Ningekuongezea mmoja. Ila roho ingeniuma zaidi."

Hakucheka. Siku ya tatu akarudi bila kikapu, akaniuliza kama najua kusoma na kuandika. Nikamwambia najua kidogo, chuoni, kwenye Kurani, nilijifunza herufi za Kiarabu, na hizi za Kizungu nilizifuata mwenyewe kwenye magunia. Akasema anatafuta mtu wa kwenda kila wiki ya pili upande wa Butiama, pale mgodi wa dhahabu ulipofungwa, kuhesabu majani.

"Majani?"

"Majani. Nyasi, magugu, kila kinachoota."

"Halafu niyauze wapi?"

"Huyauzi. Unayaandika."

Mwigobero nzima ilijua kabla ya adhuhuri. "Karani wa majani!" walinipigia kelele nilipokuwa napanda lori siku ya kwanza, daftari kwapani. "Usiende na njaa, ndugu yetu, utaila kazi!" Mmoja akaniuliza kama mshahara nitapewa na ng'ombe. Nikamjibu kwamba ng'ombe angalau hanikopi.

Mgodi wenyewe ulikuwa umebaki misingi ya nyumba na mashimo yaliyofukiwa. Kilichowasumbua watu ni ule mchanga wa mawe yaliyosagwa, wa kijivu, laini kama unga wa muhogo, uliomwagwa miaka yote mashine ilipokuwa inanguruma. Kiangazi upepo uliuinua ukaupeleka kwenye vyungu vya watu. Nilimsikia mzee mmoja akisema kwamba wenzetu wamekula dhahabu, sisi tumetafuna makapi yake. Basi wenye mgodi, kabla ya kuondoka, waliambiwa na serikali wausawazishe, waufunike kwa udongo mwekundu, wauzungushie seng'enge asipite mbuzi wala mtu. Kisha mvua ifanye kazi yake, na mimi niandike imefanya kiasi gani.

Eneo liligawanywa kwa vigingi, vipande vinne. Bwana Shamba alinipa fremu ya mbao, yadi moja kila upande. Unaipa ardhi mgongo, unairusha fremu nyuma ya bega, na inapoangukia ndipo unapopiga magoti na kuhesabu. Mara kumi kwa kila kipande. Kurusha nyuma ni ili usichague mahali, jambo ambalo kwa mtu wa sokoni halihitaji maelezo: mkono ukiachiwa macho, unachagua.

Niliuliza swali moja tu la kikazi. "Ukoka unatambaa, Bwana. Kila kifundo kinatia mzizi. Ukoka wa vifundo sita ni mmea mmoja au sita?"

"Mmoja."

"Mimi naona sita."

"Mmoja, karani."

"Basi tuseme mitatu, tusikosane."

Akanitazama kama vile bado nimeshika tenga. Akainama, akaung'oa ukoka mmoja, akaitazama mizizi yake. "Penye mzizi na jani pake mwenyewe, andika mmoja," akasema mwishowe. Nikaandika sita. Nilikuwa nimeshinda mali isiyo yangu, na sijui kwa nini nilifurahi vile.

Masharti yalikuwa haya. Hesabu ya mwisho ingefanywa masika yakiisha. Kila kipande kikifikia wastani wa mimea ishirini kwa fremu, seng'enge inatolewa na ardhi inarudi kwa wenyewe. Kipande kimoja kikishindwa, lote linabaki la serikali na linapandwa mikaratusi.

Mwenyewe nilimkuta siku hiyohiyo. Alikuwa amesimama nje ya seng'enge upande wa njia, mama mfupi, mjane, rozari shingoni, kibuyu cha uji wa ulezi mkononi. Alinitazama nikirusha fremu na kupiga magoti, nikirusha na kupiga magoti, mpaka nilipomaliza kipande kizima. Ndipo akasema, "Baba, hiyo dini gani?"

Nikamwambia ni kazi ya Boma. Akanipitishia uji chini ya waya, akangoja ninywe, akauliza, "Na imefika ngapi?"

"Nne."

"Inatakiwa ngapi?"

"Ishirini."

Akavuta pumzi. "Bado kuna mvua," akasema.

Tangu siku hiyo, kila wiki ya pili nilimkuta pale pale, na swali lilikuwa lile lile. Mengine yalikuja kidogo kidogo, kama watu wa huko wanavyotoa mambo yao, ukiharakisha wanafunga. Ardhi yote ndani ya waya ilikuwa ya mume wake. Walihamishwa mashine ilipokuja. Mume alifia kwenye mji wa ndugu yake, akiwa mgeni, na yeye mjane alibaki pale kwa shemeji, kwenye kibanda cha kupewa. Sasa shemeji alikuwa amesema wazi: mavuno yakiisha, kijana wake anaoa, na kibanda ni cha bibi harusi.

"Utakwenda wapi, mama?"

"Nina binti, ameolewa Bunda, pale Manyamanyama. Mume wake ameshaniita."

"Si heri hiyo?"

Alinitazama kwa huruma, kama ninavyomtazama mtu anayenunua samaki kwa kumnusa mkia. "Mkwe wangu ni mtu mzuri," akasema. "Hiyo ndiyo shida. Mbaya ningemkimbia nikasikia raha. Mtu mzuri nitamkimbiaje kila siku? Sisi hatutazamanagi na mkwe. Hatulagi pamoja. Yeye akitoka nje, mimi niingie ndani. Yeye akiingia ndani, mimi nitoke jua kali. Mtu amejenga mji wake kwa jasho, halafu atembee humo anakohoa kila kona ili mama mkwe ajifiche? Hapana. Nitamzeesha kabla ya siku zake."

Kisha akaonyesha kwa kidevu kipande cha nne, kile cha karibu na njia. "Nyumba yangu ilikuwaga pale. Jiko hapo, zizi kule. Nikipata hiyo, sitasumbua mtu."

Nilikuwa nimekuja kuhesabu majani. Sikuwa nimeambiwa kwamba yatakuwa ya mtu.

Ramadhani ilinikuta kazini. Mara ya kwanza nilipoukataa uji wake alidhani amenikosea. Nilipomweleza, akatikisa kichwa: "Na sisi tuna Kwaresima. Ungesema." Mara iliyofuata hakuja na kibuyu mchana. Nilipokuwa njiani kwenda barabarani jua linazama, nilimkuta amekaa kwenye jiwe, uji umefunikwa kwa jani la mgomba, ana hasira kidogo kwa sababu nimechelewa na umepoa.

Vuli ilikuwa nzuri. Nne ikawa saba, saba ikawa kumi na moja. Ukoka ulitangulia, nyuma yake kishonanguo, ndulele, mbigili, mgagani, na jamaa wengine ambao majina yao niliyajua kwa kuwalaani nilipokaa juu yao. Kila kipande nilikihesabu mara mbili, siku ninayofika na kesho yake asubuhi kabla ya lori. Nililala kwa katekista, aliyenipa mkeka na kuniuliza kila usiku kama kweli serikali inalipa kwa hili.

Masika yalipoanza kipande cha kwanza, cha pili na cha tatu vilipanda kama mtu anayepanda ngazi. Cha nne kilipanda, kikasimama, kikaanza kushuka. Kumi na tano, kumi na tatu, kumi na mbili. Mvua inanyesha, wenzake wananenepa, chenyewe kinakonda.

Nilimsingizia mbuzi. Lakini mbuzi huacha kinyesi, na huuma jani akaacha shina. Hapa palikuwa na nafasi tupu, safi, kama meno yaliyong'oka. Nilisingizia mchwa, nikasingizia ule mchanga wa chini kwamba una sumu. Bwana Shamba aliposoma daftari alinisingizia mimi.

"Karani, unahesabu ukiwa na usingizi?"

"Nahesabu mara mbili, Bwana."

"Basi unasinzia mara mbili."

Maneno yale yaliniingia. Mtu anaweza kusema samaki wangu wameoza na nikalala fofofo, lakini asiguse hesabu yangu.

Wiki iliyofuata lori la Alhamisi lilikuwa limekatika springi, nikadandia la Jumatano. Nikafika siku moja kabla, asubuhi, umande bado. Nikamkuta mama yangu wa uji ndani ya seng'enge. Amepiga magoti kwenye kipande cha nne, kanga imekazwa kiunoni, kijembe kidogo mkononi, anapalilia. Aling'oa ndulele, akakung'uta udongo wote urudi chini, akaiweka nyuma yake mizizi juu. Akasogea. Akang'oa kishonanguo. Ukoka aliuacha, akaupapasa kama kichwa cha mtoto.

"Mama!"

Alishtuka, kisha akatabasamu kwa fahari. "Umewahi. Nilitaka ufike ukute safi."

"Unafanya nini humo?"

"Si wewe unakuja kesho kukagua? Mgeni anakuja kuangalia shamba langu, nimwachie magugu? Watasema huyu mama hata arudishiwe ataweza nini."

"Umeanza lini?"

"Tangu mvua ilipokolea. Kila ukitaka kuja, siku ya mbele yake napaliliaga kidogo. Hapa tu, kwenye nyumba yangu. Kule kwingine ni mbali, magoti yanakataa."

Nilikaa chini pale pale njiani, juu ya tope. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa kuwa vyote viwili vingemtia aibu, nikafungua daftari.

"Mama, sikiliza. Mimi nahesabu kila kinachoota. Ndulele ni moja. Kishonanguo ni moja. Mbigili ni moja. Serikali haiulizi ni mboga au ni gugu. Inataka udongo ushikwe."

"Serikali inahesabu ndulele?"

"Inahesabu."

"Na mbigili?"

"Na mbigili."

Alifikiri, kijembe hewani. "Baba, hao watu hawana wake wa kuwaambia?"

"Kila ulichong'oa ulinipunguzia, mama. Ukajipunguzia mwenyewe."

Hapo alielewa. Niliona uso wake ukishuka polepole. Alitazama nyuma yake, kwenye ule mstari aliouacha, mizizi juu, kama mkulima mwema anavyofanya ili gugu lisifufuke. Mstari ulianzia pale alipo ukaenda hadi kwenye waya, na kando ya waya palikuwa na malundo ya wiki zote za nyuma, makavu, yamepangwa vizuri, ambayo siku zote nilidhani ni ya waliofyeka njia. Akaokota ndulele moja mbichi, akachimba kashimo, akairudisha. Ikalala upande.

"Haitashika," nikasema taratibu.

"Naona," akasema.

Alitoka kwa kupita chini ya waya, nikamshikia. Kuingia ndani ya seng'enge bila ruhusa kulikuwa kosa la kupelekwa barazani kushtakiwa, na sote tulijua. Nilisimama nikipiga hesabu za kisokoni: nikisema, watamwita barazani. Nisiposema, kipande kinashindwa na mikaratusi inapandwa juu ya jiko lake. Nikiongeza namba daftarini, nani atajua? Nikasikia jibu lile nililompa Bwana Shamba juu ya ngege, nikajichukia.

Mama mwenyewe ndiye aliyenitoa kwenye mtego huo. "Andika," akasema. "Mimi nilipalilia. Sikuiba."

Basi siku mbili zile nilifanya kazi ambayo sidhani kama karani mwingine ameifanya. Nilikaa kando ya waya nikahesabu malundo. Mzizi mmoja, mmea mmoja. Mengine yalikuwa yamekuwa vumbi, hayo niliyaacha. Mama alikaa nje, akiniambia kwa kunyoosha kidole kila lundo lilitoka wapi: haya ya kwenye jiko, haya ya mlangoni, haya ya zizini, huku mbolea ya zamani, ndiyo maana manene. Nilihesabu kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Hesabu zilipopishana, nilirudia ya tatu.

Bwana Shamba alikuja mwenyewe kwa hesabu ya mwisho. Vipande vitatu vilipita. Cha nne kilipata kumi na saba. Alifunga kalamu. Nikamwambia, "Bado kuna hesabu nyingine, Bwana," nikampeleka kwenye malundo, nikamweleza kila kitu mbele ya mama mwenyewe, aliyekuwa amesimama wima nje ya waya kama askari.

"Unataka niandike mimea iliyokufa?"

"Haikufa, Bwana. Iliuawa."

"Maiti hazishiki udongo, karani."

"Ila zinaonyesha palikuwa na uzazi. Nipe nusu yake."

"Hapa si Mwigobero."

"Robo."

Aligeuka kumtazama mama. "Wewe, mama, hukujua kwamba humo hakuingiwi?"

"Nilijua, mwanangu."

"Na ukaingia."

"Jembe liliingia," akasema. "Mimi nililifuata."

Niliona mdomo wa Bwana Shamba ukifanya kazi kubwa kubaki ulipo. Alichuchumaa, akalichambua lundo, akahesabu, na nilifurahi kuona kwamba alihesabu mara mbili. Alipoinuka soksi zake zilikuwa zimejaa kishonanguo mpaka magotini.

"Hesabu ya waliokufa siiandiki kama ya walio hai," akasema. "Lakini naweza kuwaandikia wakubwa kwamba udongo wa kipande hiki unazaa, ila ulipaliliwa kwa makosa, na kwamba naomba wangoje vuli moja. Vuli moja tu. Mtu akitia jembe humo tena, mimi sijui kuandika." Habari ya baraza hakuitaja, wala sisi hatukumkumbusha.

Wakubwa wakakubali, lakini vuli ilikuwa miezi mbele. Mavuno yalikuwa yanakuja, na shemeji alikuwa na harusi yake.

Nikaenda kwa shemeji. Alikuwa mtu wa sauti nene, mkarimu kwa kila kitu isipokuwa kibanda. Aliniambia hana ugomvi na mjane wa ndugu yake, ila kijana ameshatoa ng'ombe, na bibi harusi hawezi kulala juu ya mti. Sikubishana naye. Nilimuuliza tu watu wa harusi watakula nini.

"Ugali. Mboga. Ng'ombe mmoja."

"Samaki?"

"Samaki tutatoa wapi huku?"

"Mzee," nikamwambia, "harusi ya sasa hivi ni harusi ya mlenda. Wageni watakula, watashukuru, watasahau. Lakini harusi ya baada ya vuli, mimi mwenyewe naleta ngege wa kubanika, tenga zima, kutoka Mwigobero. Watu watazungumza mpaka wajukuu."

"Tenga zima."

"Zima."

"Mawili."

"Moja, na furu wakavu juu yake, visamaki vya watoto."

"Mawili, na hao furu."

Nilikuwa nimekuja tayari kutoa matatu, kwa hiyo nilishika kichwa, nikalalamika kidogo, nikakubali. Mama alipoambiwa kwamba harusi imesogezwa kwa sababu ya samaki, alisema shemeji yake tangu ujana hakuwa na siri na tumbo lake.

Ile vuli, nadhani, ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya mama, na kazi yenyewe ilikuwa kukaa. Mvua ikaja, kipande cha nne kikafungua milango. Ndulele zikafika magotini. Mbigili zikatandaza maua ya njano mahali pa jiko. Wanawake waliokwenda kuteka maji walipita njiani na hawakumhurumia.

"Mama we! Umezeeka? Shamba lako linakucheka!"

"Liacheni licheke," aliwajibu. "Likicheka lina meno."

"Tuje tukusaidie kupalilia?"

"Atakayetia mkono humo nitamfunga kwenye huo waya."

Lakini wakishapita aligeuzia shamba mgongo. Mara moja aliniambia kwamba akipita pale hushika rozari kwa mikono miwili, mkono usije ukajiendea wenyewe. Alisema usiku anaota anapalilia, na anaamka amechoka.

Alikuwa bado anauliza, "Imefika ngapi?" na mimi namjibu. Kumi na sita. Kumi na nane. Kumi na tisa. Kisha wiki mbili mvua ikakata, na nilipokuja ilikuwa kumi na tisa tena, na majani ya pembeni yameanza kujikunja. Siku hiyo hakuuliza, aliusoma uso wangu. Alinipa uji, tukanywa, akasema kama vile anaendelea na mazungumzo ya jana, "Binti yangu ameleta salamu. Mume wake ameanza kunijengea kijumba. Mlango ameupeleka upande wa nyuma, ili tusionane." Akafuta kibuyu kwa kiganja. "Mtu mzuri sana yule."

Mvua ikarudi siku tatu kabla ya hesabu. Nililiona wingu nikiwa nyumbani Makoko, kule Musoma, nikasimama mlangoni kama mwehu nikimwombea gugu.

Siku yenyewe Bwana Shamba alikuja na fremu. Vipande vitatu vya kwanza vilikuwa vimeshapita, ilibaki cha nne. Nilikitazama, na hapo ndipo nilipojiogopa. Zaidi ya mwaka nimekipigia magoti. Nilijua pamenenepa wapi na pamekonda wapi, na hata nikikipa mgongo, bega langu lilijua. Bega langu lilikuwa na macho.

"Rusha wewe, Bwana," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mkono wangu unampenda mtu."

Hakuuliza zaidi. Akavua saa, akanipa nishike, akageuka, akarusha. Kwenye zizi: ishirini na sita. Akarusha. Karibu na waya: kumi na nne. Mama alikuwa nje, midomo inacheza na rozari. Ya saba iliangukia mahali pa mlango, palipokuwa pagumu tangu mwanzo, tisa tu. Ya nane, ya tisa. Ya kumi iliangukia jikoni kwake, juu ya mbigili. Nilipiga magoti, nikachomwa, nikahesabu kutoka kushoto, nikahesabu kutoka kulia, mpaka Bwana Shamba akasema, "Karani, hiyo ni mara ya nne."

Tukajumlisha kila mtu kwenye karatasi yake. Yangu ilitoa ishirini na kitu kidogo. Nikangoja yake. Alinyanyua kichwa, akanipita. Alikwenda hadi kwenye waya, akasema, "Mama, imefika."

"Ngapi?"

"Ishirini. Na chenji."

Hakupiga vigelegele. Alishika waya kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika nguo kuona uzito wake, akasema, "Sasa hii itatolewa lini?"

Ilitolewa mwezi uliofuata. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, nilikuwa nimerudi kwenye ngege, lakini nilikuwa na matenga mawili ya kupeleka harusini na nikapanga siku zigongane. Tarishi wa Boma alikata seng'enge, akaikunja, akatupa mgongo. Mama alikuwa amekuja na jembe, la mpini mrefu. Aliingia kwa kupita pale palipokuwa na mlango wa nyumba yake, ingawa sasa kote kulikuwa mlango, akaenda moja kwa moja jikoni, akatema mate viganjani.

"Mama," nikasema, "hayo ndiyo majani yangu. Hayo ndiyo yaliyokurudishia."

"Nimeyashukuru," akasema, na jembe likashuka.

Nilimwomba aache walau fremu moja, yadi kwa yadi, ibaki ukumbusho. Akasema ataniachia ukoka pembeni, wa ndama. Nikamwomba nusu yadi. Akasema mtu aliyeshindwa na yule shemeji kwenye samaki asimfundishe yeye kushindana. Kisha akanielekeza kwa kidevu kwenye upande wa zizi, zilipokuwa ndulele nene.

"Usisimame kama tarishi. Anzia kule. Na ukung'ute udongo, udongo hautupwi."

Nikakunja suruali. Lori la mchana, la kurudi Musoma, lilipita barabarani likipiga honi, mara mbili, maana dereva ananijua. Nilikuwa nimeishika ndulele moja shinani, na haikutaka kutoka.